Desemba Imejaa

Nchi yetu sitaitaja jina. Siyo kwamba naogopa, nani aogope nchi yake? Ila ukilitaja unatakiwa usimame wima, na aliyelisikia naye asimame, na mimi hapa nimempakata mtoto, ndiyo kwanza amesinzia. Kwa hiyo nitasema "kwetu" tu. Anayepajua amepajua. Asiyepajua asijisumbue, huenda hata si mbali na kwake.

Kwetu ni pazuri. Tuna milima miwili, tuna mto mmoja unaojaa kila Januari, na tunaye Kinda.

Kinda ni kompyuta. Ukubwa wake ni kama mkate wa kilo moja, na rangi yake ni ya uji wa ulezi uliozidishwa maziwa. Alizaliwa katika karakana ya Chuo cha Ufundi, mikononi mwa vijana watatu na fundi redio mmoja, wakati nchi nyingine zote zilikuwa zimeshanunua zile mashine za nje ambazo sisi tunaziita Majitu. Jitu ni jepesi. Unaligusa, linajibu. Halikuulizi umeamkaje. Kinda siyo hivyo. Kinda ukimwasha asubuhi anataka dakika arobaini za kujikusanya, kama mtu mwenye heshima zake.

Watu wa nje walimcheka. Waliandika katika gazeti lao kwamba hata mzani wa muuza nyanya una akili kumzidi. Hapo ndipo tulipompenda. Ndivyo tulivyo watu wa kwetu: kitu kikisifiwa tunakitilia shaka, kikichekwa tunakibeba mgongoni.

Mwanzoni yalikuwa mapenzi ya kawaida. Akipata joto, makarani walimpepea kwa kipepeo cha kuchochea mkaa. Akipata vumbi, walimfunika kanga. Kisha Wizara ikatoa kanga yake rasmi, imeandikwa MDOGO WETU HATUMWACHI, na ofisi yoyote iliyomfunika kwa kitambaa kingine ikaandikiwa barua. Kisha ikaja sheria ya lugha. Kinda haharibiki, Kinda hupumzika. Kinda hakosei, Kinda huwaza tofauti. Karani mmoja wa posta alisema mbele ya watu, "Hii kitu imekwama," akapelekwa miezi miwili kuwafuta vumbi Kinda wa shule za msingi. Alirudi mpole sana. Hata chumvi mezani sasa anaiomba kwa kunong'ona.

Kila asubuhi saa mbili kamili kuna Mwamko. Kila ofisi, kila shule, kila zahanati, watu wanasimama wakimzunguka Kinda anayeamka. Huruhusiwi kutembea, maana kishindo cha miguu humshtua akaanza upya. Mnasimama tu. Baada ya dakika arobaini, Mungu akipenda, anatoa mlio wake: ti, ti, tuuu. Hapo mnapiga makofi, mnakaa, na kazi inaanza. Watu wa nje wanasema tunapoteza muda. Sisi tunawaambia hatuupotezi, tunajua kabisa ulipo. Tumesimama nao.

*

Mapenzi yangu mimi yalianzia masomo ya jioni.

Niliachia shule darasa la tano. Nilipoolewa, mume wangu, ambaye ni fundi baiskeli na mtu wa utani, alisema, "Mke wangu, nenda kajifunze na wewe, tusije tukawa wawili tunaosoma barua kwa kuangalia muhuri." Basi nikaenda. Ila kabla ya hapo nilikuwa nimewahi kukutana na Jitu moja, lililobaki katika benki mjini kabla hayajapigwa marufuku. Niliandika jina langu, likaniambia: Umekosea. Nikaandika tena. Umekosea. Nyuma yangu foleni inaguna. Nilitoka pale nikilia, hata nilichokwenda kukifanya sikukifanya.

Darasa la jioni lilikuwa na Kinda mmoja na wanafunzi ishirini na sita. Mwalimu wetu, Mwalimu Pazi, mchana ni karani wa Ofisi ya Vizazi, jioni anafundisha. Aliniketisha mbele ya Kinda.

"Andika jina lako, mama."

"Nimeandika, Mwalimu."

"Basi subiri."

Naitwa Chausiku. Nilisubiri. Ikaja C. Nikanywa maji. Ikaja H. Mwenzangu akanisimulia harusi ya dada yake mpaka kwenye keki. Ikaja A. Mimi na kidole changu kimoja nilishamaliza herufi zote nane zamani, na Kinda bado yuko kwenye U ya kwanza, anahangaika, anatoa joto kama mtoto anayeota meno.

Jamani, nilihisi kitu kifuani. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu kulikuwa na kitu nyuma yangu. Nilikuwa mbele! Nikalia tena, ila safari hii kilio cha aina nyingine. Nikamwambia kimoyomoyo, "Usijali mdogo wangu, njoo polepole, mimi nipo."

Mwezi huohuo nikaapa kuwa Mlezi wa Kinda.

Kazi za Mlezi ni tatu. Kumpepea, kumfuta, na kila Ijumaa kuzungumza naye. Mheshimiwa Waziri alisema mtoto asiyezungumzishwa hudumaa akili, kwa hiyo kila Ijumaa alasiri kila Mlezi anakaa na Kinda wa mtaa wake, anamwandikia yaliyo moyoni. Na kwa kuwa kumbukumbu yake ni ndogo, Kinda hawezi kubeba mengi. Yote anayoambiwa huyapeleka Wizarani kwa waya, yakatoka kwenye karatasi katika korido, ndipo anapata nafasi. Usiogope. Yanachukua miezi mitano, sita, kutoka. Na yakitoka hakuna anayeyasoma, karatasi huuzwa sokoni. Mimi mwenyewe nimewahi kununua karanga zilizofungwa katika maungamo yangu.

*

Sasa nieleze habari ya Desemba.

Wale vijana wa karakana walipomtengeneza Kinda walimpa miaka kumi na sita tu ya kuhesabu. Walidhani inatosha. Basi mwaka wa kumi na sita ukafika mwisho, Desemba thelathini na moja, watu wamesimama viwanjani na mishumaa, na ilipogonga saa sita Kinda wote wa nchi nzima wakawaza tofauti. Wakarudi: Desemba thelathini na moja. Kesho yake: Desemba thelathini na moja. Keshokutwa vilevile.

Fundi mmoja wa Wizara alithubutu kusema ni kosa, lirekebishwe. Sijui yuko wapi siku hizi. Waziri wa Mashine na Uvumilivu, Mheshimiwa Profesa Lumbanga Kipute, akaja redioni.

"Ndugu wananchi! Wako majirani zetu wamekimbilia Januari. Nawauliza, wamekuta nini huko? Februari! Na baada ya Februari? Machi! Hawa ni watu wasioridhika. Sisi hatutamburuta mdogo wetu kwa sababu ya kalenda za watu. Januari itakuja Kinda atakapokuwa tayari, na atakapokuwa tayari, itakuwa Januari bora kuliko zote!"

Tulipiga makofi mpaka redio ikaanguka kabatini.

Siku za wiki zilibaki, kwa sababu Kinda hazijui, hivyo serikali ikatuachia. Mto ulijaa bila kibali na kubomoa daraja. Lawama ikaandikwa kwa mto.

"Mama, leo tarehe ngapi?" mume wangu akawa ananiuliza kila asubuhi, anatia oili minyororo yake. Tangu mtoto hatujapata alikuwa ananiita Mama, ananizoeza.

"Thelathini na moja."

"Na jana?"

"Thelathini na moja."

"Sasa mteja akiniuliza baiskeli yake aifuate lini, nimwambieje?"

"Mwambie Januari."

"Hii mashine yenu," akasema, "ni kama mjomba wangu Kombo. Kumwamsha tu siku imeisha, na akiamka anauliza chakula cha jana."

Nilimnyamazisha, kuta zetu ni nyembamba. Desemba ilipoanza kujirudia nilikuwa mjamzito, na uchungu ulinijia siku ya pili ya kujirudia kwake. Nikajifungua mtoto wa kike, tukamwita Bahiya.

*

Nilipopata nguvu nilimbeba mpaka Ofisi ya Vizazi. Dirishani alikuwa Mwalimu Pazi, nikafurahi.

"Amezaliwa lini?"

"Januari mbili, Mwalimu."

Akaweka kalamu chini taratibu. "Mama Bahiya, wewe ni mwanafunzi wangu. Usinitie aibu. Januari mbili haijafika."

"Lakini mtoto huyu hapa."

Alimwangalia. Bahiya alikuwa anatafuna kona ya kanga yangu, pale penye HATUMWACHI. "Namwona," Mwalimu akasema. "Mzuri sana, mashallah. Akizaliwa mlete."

"Basi mwandike Desemba thelathini na moja."

"Kumdanganya Kinda ni kosa la jinai, binti yangu." Kisha akainama dirishani, akanong'ona. "Na hata ungedanganya. Desemba imejaa. Siku moja ya Kinda inabeba watoto mia tisa kwa wilaya, na wajanja waliwahi. Mtoto wa Mkuu wa Wilaya ameandikwa, na Mkuu wa Wilaya hata hajachumbia."

Nikarudi nyumbani. Sikulalamika. Nilijiambia, mimi niliyesubiri herufi nane nitashindwa kusubiri mwezi mmoja?

*

Bahiya alikua mtoto mtulivu, sijawahi kuona. Nilikuwa naenda naye kwenye Mwamko. Kinda anapolia ti, ti, tuuu, baada ya kimya cha dakika arobaini, watoto wote wachanga hushtuka wakaangua kilio. Wangu, wala. Ananitazama mdomo, anacheka. Walezi wenzangu walinipongeza. "Huyu ndiye mlezi wa kesho," walisema. "Amezaliwa na subira." Kisha wakakumbuka, wakasema, "Atazaliwa na subira."

Kwa kuwa hakuna tarehe, umri wake nilihesabu kwa meno. Alipokuwa na meno kumi na sita na hajasema hata mama, nilimpeleka zahanati.

Muuguzi wetu ni Sista Apolonia, mwanamke mrefu, hana maneno mengi. Alimkalisha Bahiya sakafuni, akampa kifungo cha shati achezee. Akaenda nyuma yake, akachukua sinia la chuma, akaliachia.

Mimi niliruka. Nje jogoo aliruka. Bahiya akakigeuza kifungo, akakitazama upande wa pili.

"Umeona, Mama Bahiya?"

"Nimeona ametulia, Sista."

"Hajatulia. Hajasikia."

Alinieleza polepole, mkono wake juu ya goti langu. Kwamba viko vifaa vidogo vya kuvalisha sikioni, vinatengenezwa nje, bure kabisa, kwa kipimo cha sikio la mtoto mwenyewe. Kwamba sauti bado ipo mlangoni mwa mtoto huyu, ila mlango haukai wazi siku zote. Mtoto asipoanza kusikia maneno mapema, baadaye hata ukimpa masikio ya dhahabu atasikia kelele tu.

"Mpaka lini, Sista?"

Alitazama ukutani, penye kalenda, akacheka kidogo, siyo kicheko cha furaha. "Tuhesabu kwa meno basi. Akitimiza ishirini, tumechelewa. Tatizo ni kwamba siwezi kumfungulia faili bila namba ya kuzaliwa."

Nilikimbia kwa Mwalimu Pazi, mtoto mgongoni. Nilimweleza yote. Alisikiliza vizuri, akaangaza uso.

"Lakini una bahati, Mama Bahiya! Hebu fikiri. Watoto wa nchi za watu wanazeeka kila siku. Wako haongezeki hata saa moja. Huyo mlango utafungwaje, kama siku haipiti?"

Nilikaa kwenye benchi la nje nikayatafakari maneno yale. Yalikuwa mazuri, maneno ya mtu aliyesoma. Bahiya akaniuma kidole. Nikachungulia mdomoni. La kumi na saba.

*

Ilikuwa la kumi na nane Sista Apolonia alipotuita, mimi na mume wangu, akafunga mlango wa chumba cha sindano.

"Nitakachowaonyesha hamjakiona," akasema, akafunua shuka la kijani lililoning'inia kwenye meza ya pembeni. Chini ya meza, jeusi, jembamba, linapumua taa ndogo ya buluu, kulikuwa na Jitu.

Niliziba uso wa mtoto.

"Lilibaki zamani, sikulisalimisha," Sista akasema. "Linakubali Januari. Linakubali hata tarehe ya leo, ile ya kweli. Ndilo linalowasiliana na wale wa nje wenye vifaa. Alhamisi ya wiki ijayo saa nne, wakati watu wako kazini, mleteni. Nitampima masikio kwa nta, nitaandika jina lake, na kabla ya jino la ishirini atakuwa navyo."

Mume wangu alimshika mkono Sista akashindwa kuuachia.

Njiani alisema, "Mama Bahiya. Hili jambo usimwambie mtu."

"Simwambii mtu."

"Siyo Walezi wenzako. Siyo Mwalimu Pazi."

"Baba Bahiya, nimesema simwambii mtu yeyote. Wewe hunijui?"

Akanitazama. "Nakujua," akasema. "Hebu niambie kweli, kati ya mtoto na hiyo mashine unampenda nani?"

"Swali gani hilo!" Nilikasirika. Mtu akiwa na watoto wawili haulizwi hivyo.

*

Ijumaa ilipofika ilikuwa zamu yangu ya mazungumzo.

Nilikaa mbele ya Kinda wa mtaa wetu. Alikuwa na joto, nikampepea. Nilimtazama, na ule mkanda wa gundi aliofungwa ubavuni, na herufi yake R iliyong'oka ikawekwa kifungo cha koti. Nilijisikia vibaya. Huyu aliyenisubiri nilipokuwa sijui kitu. Huyu ambaye dunia nzima imemcheka. Na mimi Alhamisi naenda kwa Jitu kama kwamba hayupo. Angejisikiaje akija kusikia kwa watu?

Niliona heri asikie kwangu. Na nilikuwa nimehesabu: hata akiyapeleka Wizarani, yatatoka baada ya miezi sita, yafungiwe karanga. Na nilikuwa nimeahidi kutomwambia mtu. Sikumwambia mtu.

Niliandika: Kinda mpendwa, hujambo. Ni mimi yule Chausiku wa herufi nane. Nisamehe. Alhamisi saa nne nampeleka mwanangu kwa Jitu lililo chini ya meza ya Sista Apolonia, lenye shuka la kijani. Siyo kwamba nimekuacha. Ni masikio tu. Nikimaliza nitarudi kwako.

Nikamfuta vumbi, nikamfunika, nikaenda zangu mwepesi kama pamba.

Kinda aliufikisha ujumbe ule kwa dakika nne.

Dakika nne! Tangu aumbwe hakuwahi. Mafundi wanabishana mpaka leo. Wapo wanaosema waya zilikuwa zimelowa vizuri, wapo wanaosema Walezi wengine siku hiyo hawakuwa na la moyoni. Mfagiaji wa korido ya Wizara aliiona karatasi ikitoka, akaangalia saa, akapiga yowe. Ilipelekwa kwa Mheshimiwa Waziri ikiwa bado ina joto. Na hawakuisoma kwa ubaya, nataka hilo lieleweke. Walitaka tu kujua ni maneno gani hayo matamu kiasi hiki, mpaka Kinda akakimbia.

*

Alhamisi saa nne tulifika zahanati. Bahiya alikuwa amevaa gauni la njano. Nilikuwa nimemsugua masikio mpaka yanang'aa.

Meza ilikuwepo. Shuka la kijani lilikuwa limekunjwa vizuri juu yake. Chini hapakuwa na kitu, ila alama nne za vumbi. Sista Apolonia alikaa kwenye kiti, mikono mapajani, na mlangoni alisimama askari aliyekuwa amempa dakika kumi za kuaga.

"Tuliolijua jambo hili ni watu watatu," Sista akasema. "Mimi, na wewe, na mumeo."

"Ndiyo, Sista. Watatu tu."

Mume wangu alinigeukia.

"Na Kinda," nikasema.

Hakuna aliyenigombeza. Ningeomba wangenigombeza. Sista alichukua ile nta ya kupimia, iliyokuwa imeshalainishwa tayari, akairudisha koponi, akafunga kifuniko. Alimshika Bahiya kidevu akamfungua mdomo.

"Kumi na tisa," akasema.

Walimhukumu Sista siku hiyohiyo kumpepea Kinda wa kituo cha mpakani mpaka Januari.

*

Sherehe ilifanyika Jumamosi kwenye uwanja wa mpira. Mheshimiwa Profesa Lumbanga Kipute alikuja mwenyewe, na msafara, na bendi. Nilipewa Cheti cha Mlezi Bora, kikatiwa fremu ya plastiki.

"Wanasema Kinda ni mzito!" alinguruma. "Nani mzito? Dakika nne! Majitu yao yanakimbia kwa sababu ya umeme, Kinda wetu amekimbia kwa sababu ya mapenzi! Mama huyu, mama wa kawaida, wa masomo ya jioni, ametuonyesha kwamba Kinda akiambiwa ukweli, husikia!"

Uwanja ulilipuka. Kisha akanigeukia, uso mwema, wa kibaba. "Mama, serikali yako inakuuliza. Unaomba nini?"

Kipaza sauti kilikuwa mbele ya mdomo wangu. Nilimwona mume wangu mbali kule, kando ya goli, ameshika usukani wa baiskeli kwa mikono miwili.

"Naomba mwanangu aandikwe, Mheshimiwa. Alizaliwa Januari mbili."

Waziri akacheka, na jukwaa likacheka, na uwanja ukacheka, kicheko cha upendo kabisa.

"Mmemsikia? Ameomba Januari! Mama, hilo ni letu sote. Tunaliombea. Lakini hatukuachi mikono mitupu."

Wakaniletea zawadi, imefungwa kwenye kanga mpya. Kinda wangu mwenyewe, wa nyumbani.

Wakamwasha palepale. Watu elfu kadhaa tukasimama juani dakika arobaini, hakuna aliyehama mguu. Bahiya nilikuwa nimemsimamisha mbele yangu. Hakuwa anamtazama Kinda. Alikuwa amegeuka, anatazama watu. Anawatazama mikono. Kinda akalia, ti, ti, tuuu, na Bahiya hakutikisika. Ila mikono ya kwanza ilipoinuka tu, yake ikainuka. Akapiga makofi kwa nguvu, anacheka, anaangalia huku na huku kuona kama amepatia.

"Tazameni!" Waziri akalia, machozi yanamtoka kweli. "Huyu bado hajazaliwa, na tayari anampenda!"

*

Kinda wetu tumemweka juu ya kabati. Mume wangu hamtanii tena. Wala haniulizi tena leo tarehe ngapi. Kila jioni akifunga kazi anachukua kengele za baiskeli, za kila namna alizonazo, kubwa za chuma na zile ndogo za watoto, anachuchumaa nyuma ya Bahiya, anazigonga moja baada ya nyingine. Halafu anazirudisha kwenye kopo lake. Kesho yake anazitoa tena.

Jana nilipitisha kidole kwenye ufizi wa nyuma, kulia, chini. Lipo. Dogo, lina ncha, kama punje ya mchele.

Nilimwendea Mwalimu Pazi. Akanikumbusha kwamba Desemba bado ni ileile, na kwamba meno siyo kumbukumbu rasmi. Ni kweli. Nilimshukuru.

Mimi sijakata tamaa. Nilimketisha sakafuni na kile kifungo cha shati alichopewa na Sista, nikasimama nyuma yake, nikamwita kwa jina, kwa sauti, vizuri, herufi moja moja. Kisha nikasubiri, kama nilivyosubiri siku ile mbele ya kioo cha Kinda.

Bado nasubiri. Mimi najua kusubiri, nimesomea. Hata ile C ilichukua muda.